Nyimbo Bora ni Bora kwa Nani?

Juma lililopita kijana mmoja alinisubiri nje ya studio. Mkononi alikuwa na santuri ya Judas Priest, bendi kongwe ya hevi metali kutoka Birmingham, Uingereza. "Shikamoo mzee," akaniambia. "Nimeuziwa bandia. Jalada linasema ni nyimbo bora za Judas Priest, lakini Breaking the Law haimo, wala Living After Midnight haimo!"

Niliigeuza ile santuri. Haikuwa bandia. Ni mkusanyiko uliotolewa na kampuni ya Gull mwaka 1978. Nyimbo anazozitaka zilitoka katika albamu ya British Steel ya mwaka 1980. Zingeingiaje?

Nilimweleza hivi, nanyi nawaeleza. Wimbo uliorekodiwa una haki za namna mbili. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na muziki wenyewe. Na ipo haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Hii ya pili mara nyingi hushikwa na kampuni, kwa mujibu wa mkataba. Mwenye rekodi ndiye anayeweza kukusanya nyimbo, akazipa jina la "bora" na kuzipeleka sokoni.

Judas Priest walitoa albamu mbili chini ya Gull: Rocka Rolla mwaka 1974 na Sad Wings of Destiny mwaka 1976. Kisha wakahamia CBS, na mwaka 1977 wakatoa albamu yao ya kwanza huko. Wao waliondoka, lakini rekodi zao hazikuondoka nao. Jina lao lilipoanza kuvuma, Gull ikatoa "nyimbo bora" kutokana na kile ilichokuwa nacho ghalani. Bora ya bendi nzima isingeweza kuwa.

Lakini aliyenyimwa rekodi hakunyimwa koo. Mwaka 1979 bendi ilirekodi maonyesho yake mjini Tokyo, Japani, na CBS ikatoa albamu ya Unleashed in the East. Humo zimo nyimbo nne za Sad Wings of Destiny, zilizopigwa upya jukwaani. Basi ulipotoka mkusanyiko wa Metal Works mwaka 1993, wimbo wao mkubwa wa Victim of Changes uliingizwa kwa sauti ya Tokyo, si ile ya studio ya mwaka 1976.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, kabla hujatoa fedha usisome jina la jalada peke yake. Tazama mwaka na kampuni. Hapo utajua nani alichagua na alichagua kutoka ghala gani. Nawe mwanamuziki kijana, kabla ya kutia sahihi uliza: siku nikihama, nyimbo zangu zitabaki kwa nani? Swali hilo huulizwa kabla wino haujakauka. Majuto ni mjukuu.

Kijana akauliza kama aitupe. La hasha, nikamwambia. Humo ndimo ilimo Victim of Changes ya studio, ile ambayo Metal Works haina. Akaifutia shati lake, akairudisha kwenye jalada, akaondoka nayo kwapani.