Wahasibu wa Bissil

Ukiiamini kompyuta ya benki moja yenye tawi Kitengela, ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliwaumiza wahasibu kuliko watu wote. Mvua zilipogoma misimu mitano mfululizo, wahasibu wa Bissil walianza kuchelewesha marejesho, wa Namanga wakafuata, na wengi wakavuka siku 90, mpaka ambao ukivukwa Benki Kuu ya Kenya huuhesabu mkopo kuwa haulipiki.

Mhasibu na nyasi wapi na wapi?

Aliyeuliza ni afisa wa mikopo. Zamani swali kama hilo lingetumwa makao makuu Nairobi, likapanga foleni, na jibu lingerudi mwenye swali ameshalisahau. Siku hizi kila idara hufungua data yenyewe. Anayewafundisha ni mchanganuzi mmoja wa kike, ambaye ameomba nisimtaje kwa sababu benki haijamtuma kuisemea.

Yeye ndiye aliyekwenda kuitazama fomu ya kufungulia akaunti. Kwenye sehemu ya kazi kuna orodha ya Kiingereza iliyopangwa kwa alfabeti, na ya kwanza kabisa ni Accountant. Hebu mwone keshia: foleni imefika mlangoni, mbele yake mzee wa shuka na rungu aliyetoka mbali, kitambulisho kipo, picha ipo, alama ya kidole imeshachukuliwa. Mashine inakataa kusonga mpaka kazi ijazwe. Keshia anabonyeza ya kwanza. Mzee anatoka pale mhasibu. Wake zake wawili wakija, nao wahasibu. Mwanawe naye. Boma zima, na ng'ombe wake, likawa ofisi ya hesabu.

Mchanganuzi anasimulia akicheka, kisha anaacha kucheka. Mfumo wa kupima wakopaji humpa mhasibu alama nyingi kuliko mfugaji. Akisahihisha orodha leo, kiwango cha mzee kukopa kitashuka kesho, ilhali huyo mzee alilipa bila tatizo miaka yote ya mvua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mzee haki ya kudai taarifa za uongo juu yake zirekebishwe. Lakini atadai vipi naye hajui kwamba ni mhasibu?

Mchanganuzi huyu hana subira na wanaodhani kazi yake ni kuuza michoro ya rangi. Akiingia idara mpya huanza kwa kuuliza mteja hai ni nani. Idara ya mikopo humtaja mwenye deni. Kadi, aliyetumia kadi robo mwaka huu. Tawi, yeyote ambaye akaunti yake haijafungwa. Ripoti tatu, Kitengela tatu. Majina na namba za vitambulisho huzificha kabla ya yeyote kugusa chochote, na hapo habembelezwi.

Siku 90 ndizo zinazomkera zaidi. Mwalimu wa Kitengela hulipwa kila mwezi. Mfugaji huuza ng'ombe akiwa amenona. Je, kipimo kimoja kinawafaa wote wawili? Anasema data inaweza kuonyesha tofauti hiyo, ila kuamua si kazi yake.

Fomu mpya sasa huanza na nafasi tupu. Waliosajiliwa zamani bado ni wahasibu. Mikopo wanataka wasahihishwe upesi, tawi linahofia kupoteza wateja, na swali la nani atawapigia simu kuwauliza kazi yao, tena kwa Kimaasai, halijaamuliwa.