Homa ya Moshi wa Zinki
Fundi wa Buyenzi akichomelea mabomba ya zinki mchana, jioni aweza kushikwa na baridi, kiu na homa, akadhani ni malaria. Bomba hupakwa zinki ili lisishike kutu. Zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Sentigredi. Chuma huyeyuka karibu na 1500. Basi kabla chuma hakijaungana, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe, nao ndio uletao homa. Maziwa ya tajiri ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi. Tudai feni ya kuvuta moshi, na vipumulio. Fundi naye akwangue zinki penye kiungo kabla ya kuchomelea, kisha apake rangi ya zinki palipobaki wazi. Ukishikwa na homa, mweleze daktari kazi uliyofanya, naye akupime damu. Malaria nayo ipo.