Kujihurumia si kujiendekeza: Somo kutoka Buyenzi

MGENI anayeingia Buyenzi kwa mara ya kwanza hupokewa na sauti za nyundo. Mtaa huu wa Bujumbura, ulio kando ya mto Ntahangwa na wenye barabara zilizonyooka zinazoitwa kwa namba, unajulikana Burundi nzima kwa mambo matatu: Kiswahili chake, misikiti yake na gereji zake. Gari lililoshindikana kwingine huletwa hapa. Fundi huliinamia, huingia chini yake, hulifungua kipande kwa kipande, na baada ya siku mbili tatu linaondoka likinguruma.

Sijapata kumwona fundi wa Buyenzi akilitukana gari kwa sababu limeharibika. Huuliza limetembea umbali gani, limebebeshwa mzigo gani na mara ya mwisho lilibadilishwa mafuta lini. Ajabu ni kwamba binadamu anapoharibikiwa katika mitaa hiyo hiyo, haulizwi maswali hayo. Huambiwa ajikaze. Akiwa Mkristo, huongezewa kwamba imani yake ni haba.

Mimi ni Mkristo ninayeishi kati ya majirani ambao wengi wao ni Waislamu. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kutafsiri simulizi za manusura wa vita, kutoka Kirundi kwenda Kiswahili na Kifaransa. Ni kazi niliyoipenda. Lakini ulifika wakati nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala, sala zikawa maneno matupu, na kilio cha mtu kikawa hakinigusi tena. Mzee mmoja wa kanisa alinishauri niongeze kufunga na mikesha. Mama jirani yangu, Mwislamu, hakunishauri lolote. Aliniletea uji, akakaa mpaka nikaumaliza, na kesho yake akarudi na mwingine.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni yupi kati ya hao wawili aliyefanya jambo lililo karibu zaidi na Biblia?

Nabii chini ya mti

Jibu nililipata katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Eliya alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Badala ya kusherehekea, alikimbia tishio la Yezebeli, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondolee uhai.

Tazama alichofanyiwa. Malaika hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili ili ale, kwa sababu safari iliyokuwa mbele ilimzidi nguvu. Swali la Mungu kuhusu anachokifanya pale lilikuja baadaye, katika mlima Horebu, baada ya usingizi, chakula na mwendo wa siku arobaini. Hata hapo alirudishwa kazini akiwa na msaidizi, Elisha.

Wataalamu wa sasa wanaiita hali kama hiyo uchovu wa kuishiwa nguvu utokanao na kazi. Aliyeifanya ijulikane katika taaluma ya saikolojia ni Herbert Freudenberger, aliyeandika juu yake mwaka 1974. Inafaa kukumbuka aliiona wapi: katika zahanati ya bure jijini New York iliyohudumia watumiaji wa dawa za kulevya, miongoni mwa watu waliojitolea kuwasaidia mpaka wao wenyewe wakakauka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza kuwa ni hali itokanayo na msongo wa kazi usiodhibitiwa. Kwa hiyo anayechoka namna hii si lazima awe mvivu. Mara nyingi ni yule aliyebeba zaidi.

Vita vilivyobaki vichwani

Buyenzi ina mzigo mwingine. Oktoba 21, 1993 Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi miezi michache kabla, aliuawa. Vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu wapatao 300,000. Mtaa huu, ambao watu wa makabila yote na wenye asili ya Kongo na Tanganyika waliishi pamoja, ulishambuliwa Machi 1995 sambamba na jirani yake, Bwiza. Mkataba wa Amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 28, 2000. Mwaka 2015 milio ya risasi ikasikika tena jijini.

Mikataba husainiwa mezani, lakini mwili hauna saini. Tairi likipasuka gereji, wapo watu wazima wanaolala kifudifudi kabla ya kufikiri. Wapo wasiolala usiku. Na Warundi wana methali isemayo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Machozi hayo hayaishii humo. Hutokea kwa mlango mwingine: hasira kwa watoto, chupa ya pombe, au unga.

Kati ya Wakristo wa nchi hii waliolitambua hilo mapema ni David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki, maarufu kama Quaker. Mwaka 1993 alikuwa akifundisha wachungaji huko Kwibuka, mkoani Gitega, shule yake iliposhambuliwa na wanafunzi wake kadhaa kuuawa. Yeye aliokoka kwa kujificha ndani ya shimo la gereji, lile ambalo fundi husimama kutengeneza gari kutoka chini. Mtu wa Buyenzi analijua vizuri shimo hilo.

Niyonzima angeweza kuishia kushukuru kwamba yu hai. Lakini aliona kwamba kuokoka si sawa na kupona. Alikwenda kusomea ushauri nasaha, na mwaka 2000 akaanzisha shirika la kuwahudumia waliojeruhiwa nafsi na kuwapatanisha, lijulikanalo kwa kifupi kama THARS. Mwaka 2003 Marafiki wa Rwanda na Burundi wakaanza pia mafunzo ya siku tatu ya uponyaji, yajulikanayo kama HROC, ambayo huwakutanisha watu waliokuwa pande zilizopigana. Humo washiriki hujifunza kwanza dalili za kiwewe. Mtu anapogundua kwamba kushtuka, kusahau na kukosa usingizi ni matokeo ya alichofanyiwa, huacha kujiona mwendawazimu. Huo ndio mwanzo wa kujihurumia.

Unga na aibu

Tatizo gumu zaidi kulizungumza kanisani ni unga. Hapa Bujumbura heroini ya mitaani huitwa "boost", na Buyenzi ni mojawapo ya mitaa inayotajwa sana. Kijana huanza kwa kuvuta, akitafuta usingizi au kusahau. Baadaye hatafuti raha yoyote. Anaikimbia arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha na baridi katikati ya joto la ziwa Tanganyika.

Nimewaona vijana wanaoacha kwa wiki kadhaa, wakasimama kanisani kutoa ushuhuda na kupigiwa makofi. Mmoja wao aliporudia, hakuonekana tena ibadani. Alikuwa akipita barabara ya nyuma ili asikutane na waliompigia makofi. Tulipompata alisema hakuogopa kufa kama alivyoogopa nyuso zetu.

Aibu hiyo inaua, na hapa sisemi kwa mafumbo. Mwili uliokaa siku nyingi bila heroini hupoteza uzoefu wake. Mtu akirudia kiasi kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika. Akiwa amejificha peke yake kwa sababu ya haya, hakuna wa kumwokoa. Kwa hiyo kanisa linalomfanya aliyeanguka ajifiche linaongeza hatari, hata kama nia yake ni njema.

Afrika Mashariki imeanza kulielewa jambo hili. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa dawa ya methadoni mwaka 2011 kwa watumiaji wa heroini, ikiwachukulia kama wagonjwa wanaotibika. Zanzibar zimekuwapo soba hausi, ambamo waliowahi kutumia huwasaidia wenzao kukaa bila unga. Kote huko kurudia hakuchukuliwi kuwa mwisho wa tiba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hoja ya wanaopinga

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni mafundisho ya kudekeza. Watauliza: dhambi imekwenda wapi? Toba iko wapi? Ni hoja ya haki, na haifai kupuuzwa, kwani mlevi huweza kumwibia mama yake na mwenye kiwewe huweza kumpiga mkewe. Aliyepigwa naye anahitaji haki.

Lakini tofauti iko wazi. Anayejiendekeza husema hakuna tatizo. Anayejihurumia husema tatizo lipo, ni kubwa, na mimi ni mtu ninayestahili kutibiwa. Wa kwanza hukwepa hesabu. Wa pili anaweza kuifanya, kama mfanyabiashara wa soko la Ruvumera anavyohesabu mali jioni: hajitukani kwa sababu ya hasara, ila pia haifichi. Mwanasaikolojia wa Marekani Kristin Neff, ambaye maandishi yake ya mwaka 2003 ndiyo yaliyoanzisha utafiti mwingi juu ya jambo hili, anataja nguzo tatu: kuwa mpole kwa nafsi yako, kukumbuka kwamba binadamu wote hupungukiwa, na kuyatazama maumivu bila kuyakana wala kuyakuza.

Mkristo hahitaji kwenda mbali kuzipata nguzo hizo. Mwana mpotevu wa Injili ya Luka alijitungia hotuba njiani: angeomba afanywe kama mmoja wa vibarua. Ukisoma kwa makini utaona kwamba alipofika, aliungama kosa lake lote, lakini ombi la kuwa kibarua hakulifikia. Baba alikuwa ameshaagiza vazi, pete na viatu. Toba ilipokewa. Hukumu aliyojitungia mwenyewe haikupewa nafasi. Nayo amri ya kumpenda jirani humpima jirani huyo kwa nafsi yako. Anayeichukia nafsi yake ana kipimo kibovu mkononi.

Marguerite Barankitse, Mkatoliki wa Ruyigi, alishuhudia watu 72 wakiuawa mbele yake Oktoba 24, 1993. Aliwakusanya watoto walionusurika na kuanzisha Maison Shalom. Katika mji huo huo wa mauaji alijenga jumba la sinema na bwawa la kuogelea. Wapo waliodhani ni anasa. Mimi naona alijua kwamba mtoto aliyeona damu ana haki ya kucheza majini, na kwamba hilo pia ni huduma.

Tufanye nini?

Mpenzi msomaji, kama umechoka, anza na alichopewa Eliya: lala, kula, kisha ndipo upange. Kama unashtuka na hulali miaka mingi baada ya vita, nenda ukazungumze na mshauri. Hapa Bujumbura ipo hospitali ya magonjwa ya akili ya Kamenge, ya watawa Wakatoliki wa shirika la Brothers of Charity, na kwenda kule si kumkana Kristo. Kama unatumia unga na umerudia, mwambie mtu mmoja leo, wala usitumie ukiwa peke yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wachungaji nao wapunguze makofi kwa walioshinda na waongeze viti kwa wanaojaribu tena. Ushuhuda wa mtu aliyeanguka Jumatano na kuja ibadani Jumapili una thamani yake. Na kwa kuwa Buyenzi ni mtaa wa misikiti na makanisa, kazi hii tuifanye pamoja na majirani zetu. Yule kijana wa barabara ya nyuma sasa huja Jumapili moja moja, hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Hatumwulizi alikuwa wapi. Tunampa kitabu cha nyimbo, na ibada ikiisha tunahakikisha amekula.