Mteja Aliwasha Mashine Bila Oili, na Tangazo Langu Ndilo Lililomponza

Leo siongelei namna ya kupata wateja wapya. Naongelea mteja mmoja niliyekaribia kumpoteza, pamoja na pesa yangu, kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mwenyewe.

Mimi nauza mashine za kukatia nyasi, zile za kusukuma zenye magurudumu manne. Nachukua mzigo Kariakoo, napiga picha, naweka Instagram na WhatsApp, mteja akishalipa namtumia kwa basi. Biashara ya kawaida tu kama yako.

Ijumaa moja usiku mteja wangu wa Morogoro akaniandikia: "Dada, mashine yako imezima na kamba haivutiki."

Kama umewahi kukaa karibu na mafundi, unajua hiyo ni habari mbaya. Kamba ya kuwashia isipovutika, mara nyingi pistoni imekwama. Kwa lugha ya gereji, injini imenoki. Na mashine yenyewe alikuwa ameipokea asubuhi ya siku hiyo hiyo!

Nitasema ukweli, cha kwanza kilichonijia kichwani ni kujitetea. Mashine ilikuwa mpya, mimi siyo niliyeiwasha, kosa lake. Ila kabla sijaandika chochote nikamuuliza, "Kaka, oili uliweka?"

Akajibu, "Niliweka dada. Nilichanganya na petroli kama kawaida."

Hapo hapo nikaelewa. Kaka huyu miaka yote alikuwa anafanya kazi na ile mashine ya kufyekea ya kubeba begani. Nyingi kati ya hizo ni stroki mbili: oili unaichanganya kwenye petroli. Kama kitabu chake kinasema 50 kwa 1, lita 1 ya petroli inapata mililita 20 za oili. Injini inapata mafuta yake humo humo.

Mashine niliyomuuzia ni stroki nne. Hii haichanganywi. Petroli inakaa kwenye tangi lake peke yake, na oili inamiminwa kwenye tumbo la injini kupitia mdomo wake wenyewe, ule wenye kijiti cha kupimia. Oili aliyochanganya iliungua juu pamoja na petroli, ikatoka kama moshi. Kule chini hakukuwa na kitu. Mashine mpya nyingi za aina hii husafirishwa zikiwa hazina oili kabisa.

Nikarudi kwenye tangazo langu. Nilikuwa nimeandika hivi: "Mpya kabisa, ukipokea ni kuweka petroli na kuwasha." Jamani, nilikaa kimya. Mteja alifanya nilichomwambia, tena akaongeza oili kwa namna aliyoijua.

Mashine ikarudi Dar, nikaipeleka kwa fundi wangu Gerezani. Alipoifungua, chuma kinachoshika pistoni kilikuwa kimekatika na silinda imechubuka. Akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukijua kwa muda wote niliouza hizi mashine. Injini nyingi ndogo za aina hii hazina pampu ya oili. Ndani kuna kigia chenye mabawa madogo, kinazunguka kwenye oili na kuirusha juu kwenye vyuma. Oili isipokuwepo, hakuna kinachorushwa. Vyuma vinasuguana vikavu, vinapata moto, vinakwama. Ni suala la dakika tu.

Nikamuuliza, basi si bora mtu aijaze mpaka juu awe salama? Akacheka. Alisema ikizidi nayo ni tabu. Oili inachapwa mpaka inatoa povu, inasukumwa kwenye njia ya kupumulia, inaingia kwenye filta ya hewa na kwenye silinda. Utaona moshi mwingi mweupe wenye rangi ya bluu, mashine inakuwa ngumu kuwaka, na mteja atakwambia umemuuzia mashine mbovu.

Kwa hiyo kipimo ndiyo kila kitu. Hivi ndivyo fundi alivyonifundisha, na ndivyo ninavyomwelekeza kila mteja sasa:

1. Weka mashine mahali palipo sawa, magurudumu yote manne chini. Ikikaa kwenye mteremko kijiti kitakudanganya. Kama ilikuwa inafanya kazi, izime na usubiri dakika chache oili ishuke chini.

2. Futa uchafu kuzunguka mdomo wa oili kabla ya kufungua. Nyasi na mchanga vikiingia ndani vinakula vyuma.

3. Toa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kitoe tena ndipo usome. Usisome kile cha mara ya kwanza, kinakuwa kimejipaka oili ovyo.

4. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili za kijiti, isipite ile ya juu. Ikiwa chini, ongeza kidogo, subiri dakika moja au mbili, pima tena.

5. Ikizidi, ipunguze kabla ya kuwasha. Usiseme "itaungua yenyewe."

6. Funga kijiti vizuri. Kikilegea oili inatoka na uchafu unaingia.

Kuna jambo hapo namba 3 linalowapoteza wengi. Vitabu vya injini nyingi za Honda vinasema kijiti kiingizwe bila kuzungushwa, ukitoe usome. Vya injini nyingi za Briggs & Stratton vinasema ukifunge mpaka mwisho ndipo ukitoe. Ukichanganya njia hizi mbili, kipimo kinakuwa cha uongo. Fungua kitabu cha mashine unayouza, piga picha ukurasa wa oili, uwe nao kwenye simu. Mteja akiuliza unamtumia, hubahatishi.

Kuhusu kiasi: mashine nyingi za kusukuma zinachukua kati ya mililita 400 na 600. Yaani ukinunua chupa ya lita 1, usimimine yote! Kuhusu aina: kwa joto letu SAE 30 inafaa, na nyingi zinakubali 10W-30 pia. Oili ya stroki mbili usiiweke kwenye tumbo la injini ya stroki nne.

Oili ikaguliwe kila kabla ya kuanza kazi. Kuibadilisha, vitabu vingi vinataka ya kwanza imwagwe baada ya saa 5 za kazi, maana injini mpya inatoa unga wa chuma, halafu baada ya hapo kila saa 50. Kwa mtu anayekata nyasi bustanini kwake saa 50 ni muda mrefu. Kwa anayekata kila siku kama yule kaka, hazimalizi hata wiki mbili. Mteja wa namna hiyo mwambie mapema.

Na kwetu sisi tunaotuma mizigo, hii ni ya kwetu hasa. Kama umeiwasha mashine kuijaribu, mwaga petroli na oili kabla ya kuipeleka stendi. Kwenye buti la basi italazwa ubavu, oili itaingia kwenye kabureta na silinda, ifike kwa mteja ikitoa moshi au isiwake kabisa. Hata mteja akitaka kuilaza asafishe kisu, kwanza achomoe waya wa plagi, halafu ailaze upande wa filta ya hewa na kabureta ukiwa juu.

Sasa turudi kwa kaka wa Morogoro. Alikuwa amepata kazi ya kukata nyasi za uwanja wa shule, na pesa ya mashine aliikopa kwenye kikundi. Kusema "soma kitabu" kungenisaidia kushinda ubishi tu. Tulipigiana simu tukaongea vizuri. Yeye alikiri hakufungua kitabu, mimi nilikiri tangazo langu lilimpoteza. Nikamtumia mashine nyingine, hasara tukagawana, sehemu yake akawa ananilipa kidogo kidogo. Faida yangu ya mwezi ule iliishia hapo. Ila kazi ya shule ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, na hiyo sikuweza kumrudishia.

Nilichobadilisha ni hiki. Kwenye tangazo naandika: "Injini ya stroki nne. Inakuja BILA oili. Weka oili kwanza, usichanganye na petroli." Kwenye mpini nafunga karatasi yenye herufi kubwa: HAINA OILI, USIWASHE. Ndani ya boksi naweka kichupa cha oili niliyoipima kulingana na kitabu cha mashine hiyo, gharama yake nimeiingiza kwenye bei. Nimerekodi video fupi ya kupima kijiti, mteja anaipata siku mzigo unapopanda basi. Na nikishaambiwa umefika, naomba picha ya kijiti kabla hajavuta kamba.

Kuna wanaoona namsumbua. Sawa tu. Picha moja ya kijiti ni rahisi kuliko injini.

Yule kaka bado ni mteja wangu. Mwezi uliopita alimleta rafiki yake, na kabla sijasema lolote nikamsikia kwenye simu akimwambia, "Hii haichanganywi, oili yake inakaa huku."

Kama unauza kitu chochote chenye injini, iwe jenereta, pampu ya maji au mashine ya nyasi, fungua matangazo yako leo. Tafuta mahali ulipoandika "ni kuwasha tu." Pafute, andika oili inawekwa wapi na kiasi gani.