Tumbo Lisilopona: Huenda Si Amiba

JE, msomaji, umewahi kushikwa na tumbo la kuendesha, ukanunua tembe za amiba dukani, ukapata nafuu? Wakazi wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wamefanya hivyo. Lakini tumbo likirudi mwezi baada ya mwezi, utazidi kununua tembe?

Huenda ikawa ni amiba, taifodi au vidonda vya tumbo. Hata hivyo, kuna uvimbe unaojificha nyuma ya dalili kama hizo. Madaktari huuita uvimbe wa nyuroendokrini. Huota katika seli zinazotengeneza homoni, hasa kwenye utumbo, kidole tumbo, kongosho na mapafu.

Mwaka wa 1907 daktari Mjerumani, Siegfried Oberndorfer, aliuita karsinoidi, yaani kitu kinachofanana na kansa, kwa kuwa hukua polepole. Mwaka wa 1929 yeye mwenyewe alieleza kuwa unaweza kuwa kansa na kuenea.

Ni ugonjwa wa nadra, lakini si kama ilivyodhaniwa. Nchini Marekani, mwaka wa 1973 uligunduliwa kwa mtu mmoja hivi katika kila watu 100,000. Kufikia 2012 walikuwa karibu 7. Vipimo bora vimechangia pakubwa ongezeko hilo.

Ni nini huamua maisha ya mgonjwa? Kwanza, umeenea kiasi gani. Huko Marekani, nusu ya waliogunduliwa kabla haujaenea waliishi zaidi ya miaka 30. Ulipofika viungo vya mbali, nusu walifariki katika mwaka mmoja hivi. Pili, kasi ya seli kugawanyika. Tatu, mahali ulipo: wa kidole tumbo una matumaini kuliko wa kongosho. Umri nao huchangia.

Jihadhari na kuhara kusikokwisha, kukonda, kifua kubana kama pumu, na uso kuwaka joto ghafla. Kwa ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, ila joto utalihisi. Usingoje joto hilo, kwani mara nyingi huja uvimbe ukiwa umefika kwenye ini.

Ufanyeje? Nenda zahanati, umweleze daktari dawa zote ulizokwisha kumeza. Maumivu yakiendelea, omba barua ya kwenda Hospitali Kuu ya Pwani. Uvimbe ukionekana, kipande chake hukatwa na kupimwa. Ukiwahi, upasuaji waweza kuuondoa kabisa. Ukichelewa, zipo sindano za kila mwezi za kupunguza makali yake.

Kuvuka feri kutakupotezea siku moja tu. Kuchelewa kwaweza kukupotezea miaka.