Mwalimu na karatasi za mazoezi: Programu ipi inafaa, na ipi itakula bando na rimu bure?

Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 90 ana njia mbili za kuwapa maswali kumi ya hesabu. Anaweza kuyaandika ubaoni, na kipindi cha dakika 40 kikaliwa na kunakili. Au anaweza kuja na karatasi zilizochapwa, wanafunzi wakaanza kufikiri mara tu anapomaliza kuzigawa.

Njia ya pili ni nzuri, ila ina gharama. Shule za serikali Tanzania hazitozi ada, kwa hiyo hela ya karatasi na kopi mara nyingi hutoka kwenye ruzuku ya shule au mfukoni mwa mwalimu mwenyewe. Ndiyo maana kuchagua programu ya kutengenezea karatasi hizo si suala la urembo tu.

Vifaa vipo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya zoezi hilo, na walimu wengi wana simu janja. Ishu ni kujua kipi kitumike kwa kazi gani.

Anza na printa, si programu

Kosa linalojirudia ni kuanza na programu yenye violezo vya kupendeza, halafu kugundua mambo mengine dukani kwa mtu wa steshenari.

La kwanza ni ukubwa wa karatasi. Afrika Mashariki hutumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Programu nyingi zimetengenezwa Marekani, ambako karatasi ya kawaida ni Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Kazi iliyoandaliwa kwa Letter ikichapwa kwenye A4, maneno ya pembeni yanaweza kukatika au ukurasa mzima ukapungua. Kabla ya kuandika swali la kwanza, mwalimu aingie kwenye mpangilio wa ukurasa achague A4.

La pili ni rangi. Kiolezo chenye mandhari ya bluu na maandishi ya njano hung'aa kwenye skrini, lakini mashine ya kopi ya rangi nyeusi hukigeuza kuwa kijivu juu ya kijivu, na wino unaisha chapchap. Maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe na michoro ya mistari ndiyo hutoka safi.

Word, Google Docs au Canva?

Kwa maswali ya maandishi, programu za kuandikia za kawaida zinatosha. Microsoft Word kwenye simu hufanya kazi nyingi za kawaida bila malipo. Google Docs huhifadhi kazi yenyewe wakati mwalimu anaandika, na akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya GB 15. Faili likiwekewa ruhusa ya kufunguka bila intaneti, bando likikata kazi inaendelea. Kwa mwenye kompyuta, LibreOffice ni ya bure kabisa na haihitaji leseni.

Canva ina nguvu kwenye picha, vichwa vya habari na kazi za watoto wadogo kama kuunganisha picha na neno. Toleo lake la elimu ni bure kwa walimu wa msingi na sekondari, ila mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba anafundisha. Udhaifu wake ni kwamba inategemea sana intaneti. Kwa mwalimu anayenunua bando la siku, kila picha inayofunguka ni hela.

Kwa grafu na maumbo ya jometri, GeoGebra huchora kwa vipimo sahihi, kisha mchoro huhifadhiwa kama picha na kuwekwa kwenye karatasi ya maswali.

Google Forms nayo husahihisha maswali ya kuchagua yenyewe na kuleta alama papo hapo. Lakini inamtaka kila mwanafunzi awe na kifaa na mtandao, na shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuja na simu. Inafaa zaidi shule yenye chumba cha kompyuta.

Kiswahili kisigeuzwe na simu

Mwalimu anayeandika maswali ya Kiswahili anajua kero hii: simu hubadili maneno yenyewe kuwa ya Kiingereza, na kila sentensi hupigwa mstari mwekundu. Kibodi ya Gboard ina Kiswahili. Kukiongeza kwenye orodha ya lugha, au kuzima urekebishaji wa moja kwa moja, hupunguza makosa ambayo wanafunzi 90 wangeyanakili kama yalivyo.

Akili mnemba iandike maswali?

ChatGPT na Gemini zinaweza kutoa maswali 20 ndani ya dakika moja. Zinasaidia kupata rasimu, lakini hukosea huku zikijiamini. Eneo mojawapo la kuangalia ni saa: 8:00 asubuhi kwa Kiingereza ni saa 2 asubuhi kwa Kiswahili. Swali lililotafsiriwa kimashine linaweza kumpeleka mtoto shuleni "saa nane asubuhi".

Kuna pia suala la mtaala. Tanzania ilianza kutumia mtaala ulioboreshwa Januari 2024, unaosisitiza umahiri kuliko kukariri. Maswali ya akili mnemba yanaweza yasiendane na kinachotakiwa kwenye darasa husika. Mwalimu ayalinganishe na muhtasari wa somo, kisha ajibu kila swali mwenyewe kwa kalamu kabla ya kuchapa. Swali lenye majibu mawili sahihi huonekana hapo.

Majina na alama za wanafunzi yasiingizwe kwenye programu hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Taarifa za watoto si za kumwaga ovyo mtandaoni.

Hesabu ya karatasi

Kwa darasa la wanafunzi 90, kazi ya kurasa mbili zilizochapwa upande mmoja ni karatasi 180. Ikitolewa mara moja kwa wiki kwa wiki kumi, zinakuwa 1,800. Rimu moja ina karatasi 500, kwa hiyo ni rimu nne kasoro.

Mwalimu huyo akibana maswali kwenye nusu ya A4, akaweka nakala mbili kwenye ukurasa mmoja na kuukata katikati, kila kazi inahitaji karatasi 45. Kwa wiki kumi ni karatasi 450. Rimu moja inatosha na chenji inabaki.

Kuna njia ya kubana zaidi. Nafasi za kuandikia majibu ziondolewe, wanafunzi wajibu kwenye madaftari, na karatasi zikusanywe zitumike kwenye mkondo mwingine au mwaka ujao.

Kabla ya kwenda steshenari

Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, fonti zinaweza kubadilika na swali la tisa likahamia ukurasa wa pili. Dawa ni kulihifadhi kama PDF, ambayo hutunza mpangilio. Likitumwa kwa WhatsApp, litumwe kama faili na si kama picha, kwa sababu WhatsApp hubana picha na maandishi madogo hufifia. Nakala inayoharirika ibaki kwa mwalimu kwa ajili ya muhula ujao.

Halafu itolewe kopi moja tu kwanza. Mwalimu aisome akiwa ameishika mbali kidogo, na ampe mwanafunzi mmoja ajaribu. Kama mtoto anauliza "Mwalimu, hapa nifanye nini?", maelekezo hayajaeleweka, na kuyarekebisha kwenye kopi moja ni rahisi kuliko kuyaeleza kwa wanafunzi 90.

Programu inayopita mtihani huo kwa bando dogo, bila kuharibu mpangilio, ndiyo ya kubaki nayo. Kwa walimu wengi itakuwa ile ya kuandikia tu, ambayo tayari ipo kwenye simu.