Bingwa wa Dunia kwa Idhini ya Nani?

Muulize shabiki wa soka wa Rongo, Mbita au Oyugis ni timu gani iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, naye atakujibu kabla hujamaliza swali. Gor Mahia, klabu iliyobeba jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa katika kaunti ya sasa ya Homa Bay, ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka sare ya 1-1 nayo jijini Nairobi, kisha ikachukua kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Katika fainali hiyo Gor haikushinda mechi hata moja. Hata hivyo hakuna anayebisha, kwa sababu mashindano yalikuwa ya CAF, CAF ni moja, na kanuni ilijulikana kabla ya mpira kuanza.

Sasa muulize shabiki huyo huyo bingwa wa dunia wa ndondi katika uzani wa kati ni nani. Hapo ndipo mabishano huanza, na kila mbishi ana ushahidi wake.

Ndondi za kulipwa hazina CAF wala FIFA. Zina mashirika manne makubwa, na kila moja lina mkanda wake, kanuni zake na orodha yake ya wapinzani. La zamani zaidi ni WBA, lililoanzishwa Marekani mwaka 1921 kwa jina jingine na kupata jina la sasa mwaka 1962. WBC lilizaliwa Mexico mwaka 1963. IBF lilijitenga mwaka 1983, na WBO likafuata mwaka 1988 kutoka Puerto Rico. Hakuna serikali wala umoja wa mataifa uliowapa kazi hiyo. Ni vyama binafsi vilivyojitangazia mamlaka, na mamlaka hayo yanasimama kwa kuwa mabondia, mapromota, televisheni na mashabiki wameyakubali.

Zamani uzani ulikuwa wa ngazi 8, na kila ngazi ilikuwa na bingwa mmoja. Leo ngazi zilizozoeleka ni 17. Ukizidisha kwa mashirika manne unakaribia viti 70 vya ubingwa wa dunia kwa wanaume peke yao, kabla hujahesabu bingwa wa muda, bingwa mkuu na bingwa wa kawaida ambao WBA limewahi kuwaweka katika uzani mmoja kwa wakati mmoja. Sababu ya utitiri huo haijafichika. Kila pambano la taji hulipiwa ada, kwa kawaida karibu asilimia 3 ya malipo ya bondia, na ada hiyo huingia kwenye shirika lenye mkanda. Mapambano ya taji yakiongezeka, mapato ya shirika huongezeka pia.

Orodha za wapinzani nazo zimewahi kuchafuka. Bob Lee, mwanzilishi wa IBF, alifikishwa mahakamani Marekani katika kesi iliyohusu hongo za kuwapandisha mabondia kwenye orodha. Aliondolewa mashtaka mazito zaidi, lakini mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa makosa yakiwemo utakatishaji wa fedha na kukwepa kodi. Tangu hapo mwenye akili hasomi orodha ya shirika lolote kama msahafu.

Basi uhalali wa bingwa unatoka wapi? Jibu ambalo wapenzi wa ndondi wamelishikilia kwa zaidi ya miaka mia ni kwamba ubingwa hupokonywa ulingoni. Bingwa ni yule aliyempiga bingwa. Mkanda unaweza kuhamishwa kwa barua kutoka ofisini, lakini heshima hufuata aliyeshinda pambano. Muhammad Ali ndiye mfano mkubwa. Mwaka 1967 alikataa kujiunga na jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akavuliwa taji bila kupigwa na mtu. WBA likaandaa mashindano, Jimmy Ellis akashinda. Joe Frazier akampiga Ellis mwaka 1970. Kwa makaratasi kila kitu kilikuwa sawa, ila dunia ilijua kuna mtu hajapigwa. Swali lilifungwa tarehe 8 Machi 1971 Frazier alipompiga Ali mjini New York. Siku hiyo Frazier akawa bingwa hata kwa waliomkataa. Mwaka 1973 George Foreman akamwangusha Frazier huko Kingston, Jamaica, na tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, Ali akamwangusha Foreman katika raundi ya 8. Huo ni mnyororo ambao kila kiungo chake kinaonekana.

Linganisha na Ken Norton. Mwaka 1978 WBC lilimvua Leon Spinks taji la uzani mzito kwa kuwa alichagua kurudiana na Ali, likamtangaza Norton kuwa bingwa kwa ushindi wake wa mwaka uliotangulia dhidi ya Jimmy Young. Mwezi Juni Norton alipanda ulingoni kulitetea, akashindwa na Larry Holmes kwa tofauti ndogo. Ndiyo kusema Norton, bondia mzuri aliyewahi kumvunja Ali taya, alikuwa bingwa wa dunia bila kushinda pambano hata moja la ubingwa wa dunia.

Mambo hayo hayakuisha na zama hizo. Mei 2024 Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury mjini Riyadh, akawa wa kwanza kukusanya mikanda yote minne ya uzani mzito. Haikupita hata miezi miwili, mkanda wa IBF ukawa umemtoka, kwa sababu alikuwa amefungwa na mkataba wa kurudiana na Fury badala ya kukutana na mpinzani aliyetakiwa na IBF. Shirika likamtangaza Daniel Dubois wa Uingereza, ambaye Usyk mwenyewe alikuwa amemsimamisha mwaka 2023. Dubois alijitahidi kuustahili: Septemba 2024 alimwangusha Anthony Joshua mbele ya umati wa Wembley. Lakini Julai 2025 Usyk alirudi kudai chake, akamaliza kazi katika raundi ya 5.

Afrika Mashariki ina hadithi zake, na kwa kipimo hicho cha nani amempiga nani, Uganda inasimama juu ya majirani. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974, akahamia Denmark, kisha Oktoba 1979 akasafiri hadi Akita, Japan, na kumshinda Masashi Kudo nyumbani kwake kwa pointi. Alilitetea taji la WBA hadi Juni 1981, alipokutana na Sugar Ray Leonard mjini Houston na kusimamishwa katika raundi ya 9. Hakuna kona ya hadithi ya Kalule inayohitaji maelezo ya ziada. Alilichukua taji kwa mwenye nalo, ugenini, akalitetea, akanyang'anywa na mmoja wa mabondia bora wa karne.

John Mugabi, yeye alionja pande zote mbili za ubingwa. Machi 1986 alipanda ulingoni Las Vegas kumkabili Marvin Hagler, aliyeshika mikanda yote mikubwa ya uzani wa kati wakati huo. Kabla ya usiku huo wapinzani wote wa Mugabi walikuwa wameshindwa kumaliza raundi zote. Alimpa Hagler kazi ngumu hadi raundi ya 11, kisha akaanguka. Taji alilipata miaka mitatu baadaye, Julai 1989 nchini Ufaransa, dhidi ya René Jacquot, bingwa wa WBC, na pambano liliisha katika raundi ya kwanza baada ya Jacquot kuumia kifundo cha mguu. Je, huo ni ubingwa halali? Kwa kanuni, ndiyo. Jacquot alikuwa bingwa wa kweli, miezi michache tu baada ya kumshinda Donald Curry, na bondia asiyeweza kuendelea ameshindwa. Lakini ukimuuliza Mganda anayejua ndondi ni usiku gani ulioonyesha ukubwa wa Mugabi, wengi watakutajia ule alioshindwa na Hagler.

Kenya imepita njia ndefu zaidi. Philip Waruinge alipata medali ya shaba Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na bado akapewa tuzo ya bondia bora wa mashindano yote, kisha fedha mwaka 1972. Aprili 1976 WBC lilikuwa linafungua uzani mpya kati ya bantam na unyoya. Kiti kipya hakina bingwa wa kupokonywa, kwa hiyo shirika huchagua watu wawili wakigombee. Waruinge alikuwa mmoja wao. Mwenzake, Rigoberto Riasco, alikuwa Mpanama, na pambano likapigwa Panama. Waruinge hakumaliza raundi zote. Robert Wangila, aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, naye aliingia ndondi za kulipwa Marekani, akafariki mwaka 1994 kutokana na majeraha ya pambano la Las Vegas, kabla ya kufika kwenye taji la dunia.

Mkanda wa WBC ulifika Kenya kwa mikono ya mwanamke. Oktoba 2016 Fatuma Zarika alikwenda Flint, jimbo la Michigan, akampiga Alicia Ashley kwa uamuzi wa majaji wawili dhidi ya mmoja. Mwenye kutaka kulipunguza taji hilo atasema Ashley alikuwa na miaka 49. Na ajibiwe hivi: tazama alichofanya Zarika baada ya hapo. Alimkabili jijini Nairobi Catherine Phiri wa Zambia, aliyewahi kushika taji la WBC la uzani wa bantam, akamshinda, na baadaye akamshinda tena. Alikwenda Mexico kupigana na Yamileth Mercado mbele ya watu wa Mercado na kurudi na mkanda. Mwaka 2019 alirudi huko huko, na safari hiyo Mercado akashinda. Mkanda ulimtoka ulingoni, kama ulivyoingia.

Kwa watu wa Nyanza, hata hivyo, jina linalotajwa kwanza ni la Conjestina Achieng, binti wa Siaya, ng'ambo ya ghuba ukitazama kutoka Homa Bay. Mwaka 2004 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda, akatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ndondi. Leo wapo wanaodharau mataji ya wanawake ya miaka ile kwa kuwa hayakutolewa na mashirika manne makubwa. Wanasahau kwamba WBC lilianza kutoa mikanda ya wanawake mwaka 2005. Conjestina alipanda ulingoni wakati mlango mkubwa ulikuwa bado haujafunguliwa. Kumhukumu kwa herufi zilizoandikwa kwenye mkanda ni kumdhulumu bondia aliyewafungulia wengine njia, na ambaye baadaye aliugua huku nchi ikimkumbuka kwa msimu na kumsahau kwa msimu.

Ndiyo maana mikanda ya mashirika madogo haifai kutupwa yote katika kapu moja. Agosti 2013 Francis Cheka wa Morogoro alimshinda Phil Williams wa Marekani jijini Dar es Salaam na kutwaa mkanda wa WBF. WBF si miongoni mwa yale manne, kwa hiyo ushindi huo haukumfanya Cheka bingwa wa dunia kwa maana ambayo Kalule alikuwa. Ulikuwa ushindi halisi dhidi ya mtu halisi, na mashabiki walioujaza ukumbi walipata walicholipia. Upande wa pili yupo Hassan Mwakinyo wa Tanga. Septemba 2018 aliitwa Birmingham kupigana na Sam Eggington, akamsimamisha katika raundi ya 2. Hakupewa mkanda wa dunia, lakini ushindi huo ulimpandisha heshima kuliko mikanda mingi inayopigwa picha nyumbani.

Ridhaa nayo, ambayo zamani ilikuwa kimbilio la wanaotaka jibu moja, sasa imegawanyika. Mkenya Steve Muchoki alipokuwa bingwa wa dunia Belgrade mwaka 1978, hapakuwa na mashindano mengine ya kumpinga. Lakini Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliacha kulitambua IBA, shirika la kimataifa la ndondi za ridhaa, mwaka 2023, na Februari 2025 ikalitambua kwa muda shirika jipya la World Boxing. Mwaka huo huo World Boxing liliandaa ubingwa wa dunia Liverpool, na IBA likaandaa wake Dubai. Kijana wa ridhaa anayeota Olimpiki lazima ajue chama chake kiko upande upi kabla ya kujisifu kwa medali.

Yote haya yanamhusu mtu wa Migori na Homa Bay moja kwa moja. Migori iko kwenye barabara kuu ya kwenda Tanzania, ng'ambo ya Isebania ni Sirari, na matangazo ya ndondi kutoka Dar es Salaam hayahitaji mkalimani upande huu wa mpaka. Mabango yenye maneno "ubingwa wa dunia" husafiri kwa urahisi kuliko maelezo yake. Shabiki anayetakiwa kulipa kiingilio ana haki ya kuelezwa mambo machache. Mkanda ni wa shirika gani? Nani aliushika mara ya mwisho, na aliupoteza vipi: kwa kupigwa, kwa kuvuliwa, au kwa kuuacha wazi? Mpinzani amewashinda akina nani katika mapambano yake ya karibuni, na walikuwa wa kiwango gani? Majibu hayo hayahitaji nafasi zaidi ya mistari mitatu kwenye bango. Tume ya ndondi za kulipwa nchini ingeweza kuyafanya sharti la kibali, na promota mwenye pambano la haki hana sababu ya kukataa.

Kijana anayefanya mazoezi leo Awendo au Ndhiwa naye anahitaji majibu hayo mapema, kabla hajasaini karatasi yoyote. Taji la nchi, kisha la Afrika chini ya chama cha ABU chenye uhusiano na WBC, kisha nafasi ndani ya orodha ya 15 bora ya shirika mojawapo kati ya manne: njia hiyo ni ndefu, na katika hatua kadhaa hailipi. Njia ya mkato yenye mkanda unaong'aa hupatikana kwa pambano moja dhidi ya mpinzani aliyeletwa kushindwa, na bondia akishaupokea hugundua kwamba hakuna promota wa nje anayempigia simu kwa sababu yake. Zarika alikuwa amepigana kwa miaka mingi, akishinda na kushindwa, kabla ya usiku ule wa Flint.